Haki na Mkate: Safari ya Milima ya Appalachia, kutoka Berea hadi Monteagle

Jumatatu: Berea, Kentucky

Mdogo wangu anaishi Lexington na anaendesha lori. Mji wenyewe si mgeni kwa masikio yangu, maana Wakongo ni wengi na Kiswahili unakisikia dukani na kanisani. Milima iliyo saa chache mashariki mwake alikuwa hajawahi kuiendea ila kwa kushusha mizigo. Mimi nimefundisha watu wazima katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi nyumbani Tanzania mpaka nilipostaafu, na tangu enzi za kazi nilijua kwamba vyuo vyetu vina ndugu yao katika milima hii. Huyo ndugu, shule ya watu wazima ya Highlander, alimpokea Rosa Parks miezi michache kabla mama huyo Mweusi hajakataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi. Nikamwomba anipeleke.

"Dada, wewe panga njia," akaniambia. "Usukani niachie mimi."

Tumeanzia Berea, chini kidogo ya safu ya milima, mwendo usiofika saa nzima kutoka Lexington. Chuo cha Berea kilianzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa ndani ya jimbo la watumwa. Ardhi alipewa na Cassius Clay, tajiri aliyewaachia huru watumwa wake. Ni jina lake hilo ambalo Muhammad Ali alizaliwa nalo, kabla hajachagua la kwake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe chuo kilifunguliwa kwa wote, na katika mwaka wa masomo wa 1866 hadi 1867 kilikuwa na wanafunzi 187: Weusi 96, Wazungu 91. Walisoma darasa moja.

Mwaka 1904 bunge la Kentucky likapitisha sheria ya kukataza Weusi na Wazungu kusoma pamoja. Chuo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu jimboni, kwa hiyo sheria ilitungwa kwa ajili ya Berea. Chuo kilikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani na kikashindwa mwaka 1908. Weusi waliondolewa, wakajengewa shule nyingine mbali na milima, na sheria haikulegezwa hadi 1950.

Niliwaza sana juu ya mmoja aliyehitimu mwaka 1903, mwaka mmoja kabla mlango haujafungwa. Ni Carter G. Woodson. Ujanani alichimba makaa ya mawe West Virginia, na jioni akiwasomea magazeti wachimbaji Weusi wasiojua kusoma. Mwaka 1926 alianzisha juma la historia ya watu Weusi, ambalo leo ni mwezi mzima wa Februari. Anatajwa kama msomi wa Harvard, na ni kweli alipata shahada ya udaktari huko, lakini mwalimu aliyesoma gazeti kwa sauti mbele ya watu waliotoka shimoni mimi namjua. Nimemwona vijijini kwetu katika madarasa ya kisomo, na mara nyingine alikuwa mtoto wa darasa la sita.

Berea ya leo haimtozi mwanafunzi ada ya masomo, ila kila mmoja lazima afanye kazi chuoni walau saa kumi kwa wiki. Hapa ndipo pia, mwaka 1964, vijana walipoanza kupanda milimani mwisho wa juma kukarabati shule za chumba kimoja. Waliitwa Appalachian Volunteers, na habari zao zitatufuata njiani.

Jumanne: Inez

Barabara inakata miamba, na milima hapa si mirefu ila imebanana kiasi kwamba jua linachelewa kufika bondeni. Nyumba zimejipanga kando ya vijito kwa sababu sehemu tambarare ni hiyo tu.

Tarehe 24 Aprili 1964, Rais Lyndon Johnson alishuka kwa helikopta katika wilaya hii ya Martin, akachuchumaa barazani kwa baba mmoja aliyekuwa hana kazi ya kudumu, mwenye watoto wanane, aliyepata dola 400 tu mwaka mzima uliotangulia. Januari ya mwaka huo alikuwa ametangaza vita dhidi ya umaskini. Picha ya barazani ikazunguka dunia nzima.

Sikutaka kwenda kuitafuta ile nyumba. Familia ile ilisumbuliwa na waandishi miaka mingi, kila maadhimisho yakifika kamera zinarudi kuuliza mbona bado maskini. Naona hilo lilikuwa jambo baya. Picha ilimwonyesha mtu kama aliyekaa akisubiri kusaidiwa, na ndivyo milima yote ilivyokuja kueleweka huko nje. Wakati ule karibu mtu mmoja kati ya watatu Appalachia alikuwa chini ya mstari wa umaskini. Leo ni kama 15 kati ya 100, kwa hiyo si kweli kwamba fedha zile zilimwagwa tu. Shule za awali za Head Start, barabara hii tunayopita, mabomba ya maji na zahanati vilitokana na sheria za 1964 na 1965.

Ndani ya sheria ya Agosti 1964 kulikuwa na sharti dogo lililowatia hofu wakubwa wengi kuliko fedha zenyewe: miradi iendeshwe kwa ushiriki wa maskini wenyewe kwa kadiri inavyowezekana. Sharti hilo halikuibuka hivihivi. Weusi wa Kusini walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa miaka kumi kwamba aliyeonewa akikaa mwenyewe kwenye kiti cha uamuzi, mambo hubadilika.

Mchana tumekula maharage na mkate wa mahindi, na kitunguu kibichi pembeni. Mdogo wangu amenunua katoni ya maji ya chupa kwa sababu hapa hata wenyeji wengi hawayaamini ya bomba. Oktoba 2000 bwawa la tope la makaa lilipasukia kwenye mgodi wa chini, na zaidi ya galoni milioni 300 za tope jeusi zikatiririka kwenye vijito vya wilaya.

Jumatano: Mud Creek, Pikeville, Whitesburg

Kutoka Prestonsburg tumeiacha barabara kuu pale Harold, tukafuata bonde la Mud Creek hadi Grethel. Barabara imepewa jina la Eula Hall. Mama huyu aliishia darasa la nane, akaolewa akiwa binti, akafanya kazi za ndani, na alipofikia umri wa makamo akajiunga na wale vijana wa kujitolea kwa sababu, tofauti na wengi wao, yeye alijua kila nyumba yenye mgonjwa. Akawa kiongozi wa chama cha kutetea haki za wanaostahili misaada ya serikali mashariki mwa Kentucky, chama kilichokuwa bega kwa bega na vuguvugu la kitaifa lililoongozwa na George Wiley, profesa Mweusi wa kemia aliyetokea kwenye harakati za haki za kiraia. Waliwabana wakuu wa shule wa wilaya ya Floyd mpaka watoto wa maskini wakapewa chakula cha mchana shuleni bila kulipa. Wachimbaji waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa mapafu meusi aliwasindikiza mwenyewe mbele ya mahakimu wa mafao.

Mwaka 1973 akafungua zahanati kwa mchango wa dola 1,400 katika nyumba ya kupanga. Nafasi ilipokuwa haitoshi akaihamishia kwenye nyumba yake mwenyewe, na yeye na familia wakahamia kwenye nyumba ya magurudumu. Mwaka 1982 wachomaji wakaiteketeza. Kesho yake alikuwa chini ya mti uliokuwa uani, ameweka meza ya mbao, madaktari wanapokea wagonjwa, na watu wa simu wameombwa waje kufunga simu pale pale mtini.

"Simu mtini?" mdogo wangu akauliza.

"Mtini. Mgonjwa atampataje daktari?"

Kisha watu wa bonde wakachangishana, wengine wakiuza kuku wa kukaanga na wengine wakisimama barabarani na ndoo, na serikali ikaongezea. Zahanati ipo hadi leo. Mama Eula alifariki mwaka 2021.

Pikeville hatukukaa, ila lazima niiandike. Agosti 1967 mwendesha mashtaka wa hapa aliwakamata Al na Margaret McSurely na Joe Mulloy kwa kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Walikuwa wakiwasaidia wenye mashamba kupinga matingatinga ya makaa. Nyumba ya akina McSurely ilipekuliwa usiku, vitabu na barua zikabebwa. Kisha wakaongezwa kwenye mashtaka Carl na Anne Braden, mume na mke Wazungu wa Louisville ambao miaka 13 nyuma walikuwa wamenunua nyumba katika mtaa wa Wazungu kwa ajili ya familia ya Weusi, na Carl akafungwa kwa sheria hiyo hiyo ya uchochezi. Kwa macho ya waliowashtaki, kugawa nyumba bila ubaguzi na kuzuia tingatinga lilikuwa kosa moja. Naamini waliona sawasawa. Waliokuwa wakishindwa kuona ni sisi tulioandika historia hizi mbili katika sura mbalimbali. Mwezi uliofuata mahakama ya shirikisho ikaifuta ile sheria.

Matingatinga yalikuwa na nguvu kwa sababu ya hati za zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, na hata kabla, mawakala walipita wakinunua haki ya madini kwa senti chache kwa ekari, na wakulima wengi walitia alama ya X tu. Mahakama zikaja kusema kwamba mwenye madini anaweza kupasua mlima wote juu bila idhini ya mwenye shamba. Novemba 1965, katika wilaya ya Knott, mjane wa miaka 61 aliyeitwa Ollie Combs alikaa chini mbele ya tingatinga juu ya nyumba yake. Maafisa walimbeba juu juu, mmoja mikono na mwingine miguu, na sikukuu ya Shukrani akaila jela. Miaka mitano kabla yake wanafunzi wanne Weusi walikuwa wamekaa kwenye kaunta ya chakula Greensboro wakakataa kuondoka, na nchi nzima ilikuwa imejifunza maana ya kukaa. Mwaka 1988 wapiga kura wa Kentucky, zaidi ya asilimia 80, walibadili katiba yao kuzifuta nguvu za hati hizo.

Jioni Whitesburg. Karibu na hapa, huko Neon, Februari 1968 Seneta Robert Kennedy alisikiliza wananchi katika ukumbi wa michezo wa shule, na baadhi ya vijana walivaa mifuko ya karatasi vichwani kuonyesha kwamba hawaonekani. Mwaka uliofuata ukafunguliwa mjini Appalshop, mradi wa kupambana na umaskini uliowapa vijana wa milimani kamera ili wajipige picha wenyewe. Nikikumbuka baraza la Inez, naona hapo fedha zilitumika vizuri. Mafuriko ya Julai 2022 yaliingia kwenye hifadhi yao ya filamu, na bondeni bado kuna nyumba zenye mistari ya tope ukutani.

Alhamisi: Lynch

Tumeuvuka Pine Mountain kwa ukungu, tukateremka Cumberland, kisha Benham, kisha Lynch chini ya Black Mountain, kilele kirefu kuliko vyote Kentucky. Mji ulijengwa kuanzia 1917 na kampuni ya chuma iliyohitaji makaa. Mawakala walikwenda hadi Alabama kuwachukua vibarua Weusi, na wengine wakatoka Hungaria, Italia na Poland. Wakati wa kilele watu walikaribia 10,000. Sasa hawafiki 1,000.

Watu wengi, na mdogo wangu alikuwa mmojawao, hudhani Appalachia ni ya Wazungu peke yao. Chini ya ardhi wachimbaji walilipwa kwa tani bila kujali rangi, na chama cha wafanyakazi kiliwaunganisha. Juu ya ardhi walitenganishwa: mitaa yao, makanisa yao, shule yao. Shule ya Weusi ya Lynch ilifungwa mwaka 1963, na jengo lake sasa linatunzwa na waliosoma pale. Mashine zilipochukua kazi za mikono miaka ya 1950, waliotangulia kupunguzwa walikuwa Weusi, wakahamia Cleveland, Detroit na Chicago. Huko waliunda chama cha kijamii cha Kentucky Mashariki, na watoto na wajukuu wao hukusanyika kila mwaka, wengine wakirudi hapa kusafisha makaburi.

Ijumaa: Clinton, Tennessee

Tumepita handaki la Cumberland Gap asubuhi, na kabla ya saa sita mchana tuko Clinton. Mlimani, nje ya iliyokuwa shule ya msingi ya Weusi ya Green McAdoo, wamesimama vijana kumi na wawili wa shaba, wa kimo cha watu halisi, wamebeba vitabu kana kwamba wanaanza kuteremka mtaani.

Vijana wa mlima huu walikuwa wakisafirishwa kila siku hadi Knoxville, zaidi ya kilometa 30, ilhali sekondari ya Clinton iko chini pale unaiona. Wazazi wakafungua kesi mwaka 1950. Walishinda Januari 1956, na Agosti ile vijana kumi na wawili wakateremka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sekondari ya serikali katika majimbo ya Kusini kupokea Weusi kwa amri ya mahakama, mwaka mmoja kabla ya sekondari ya Little Rock, Arkansas, inayojulikana zaidi.

Siku za kwanza zilikuwa tulivu. Kisha akaja kutoka mbali mchochezi wa ubaguzi John Kasper, umati ukajaa uwanja wa mahakama, magari ya Weusi yaliyopita barabarani yakapinduliwa. Gavana Frank Clement alituma zaidi ya askari 600 na vifaru. Askari walipoondoka manyanyaso yakaendelea ndani ya shule, hadi wazazi wakawazuia watoto nyumbani. Tarehe 4 Desemba 1956 mchungaji Mzungu wa Kibaptisti, Paul Turner, akapanda mlima huu akawashusha vijana kwa miguu hadi mlangoni. Aliporudi peke yake, kundi likamvamia na kumpiga hadi akatapakaa damu. Jumapili iliyofuata alihubiri.

Bobby Cain, mmoja wa wale kumi na wawili, alihitimu Mei 1957. Mwaka uliofuata akahitimu Gail Ann Epps. Alfajiri ya Jumapili tarehe 5 Oktoba 1958 shule ikalipuliwa kwa baruti, na hakuna aliyeumia kwa kuwa ilikuwa tupu. Hakuna aliyehukumiwa kwa mlipuko huo.

Ndani, darasa moja limepangwa kama lilivyokuwa enzi za ubaguzi: madawati ya mbao yenye tundu la wino, jiko la makaa, ramani ya zamani. Nilikaa kwenye dawati la nyuma. Mdogo wangu alibaki nje muda mrefu mbele ya sanamu ya msichana mmoja, kisha akasema, "Dada, hawa ni rika la mwanangu." Mwanawe anasoma sekondari Lexington na Wazungu, Wakongo na watoto wa Kihispania, na hajawahi kuulizwa na yeyote kama ana haki ya kuwapo.

Jumamosi: New Market

Kituo cha Highlander, yule ndugu niliyemtaja mwanzoni, sasa kiko hapa kilimani, na ng'ambo unaona Milima ya Smoky. Chumba chake cha semina ni cha duara na kina viti vya kubembea, ili asiwepo wa kukaa mbele. Machi 2019 jengo la ofisi liliungua na kumbukumbu za miongo kadhaa zikapotea, na alama ya wabaguzi wa Kizungu ikakutwa imepakwa rangi kwenye maegesho.

Mwaka 1968, Martin Luther King alipokusanya maskini wa rangi zote kwa ajili ya kampeni ya kwenda Washington, watu wa Highlander walikuwamo, na baada ya yeye kuuawa Memphis tarehe 4 Aprili watu wa milimani bado walikwenda kulala kwenye vibanda vya mbao pamoja na Weusi wa Mississippi, Wameksiko na Wahindi Wekundu. Mvua iliwanyea karibu muda wote.

Jumapili: Monteagle

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Myles Horton, mtoto wa walimu maskini wa Tennessee, alikwenda Denmark mwaka 1931 kuziona shule za wananchi zilizotokana na mawazo ya Grundtvig, mchungaji na mwanafikra wa huko: watu wazima wanaishi pamoja, hawatahiniwi, wanajadili maisha yao. Mwaka 1932 yeye na Don West wakafungua Highlander katika kijiji cha Summerfield, karibu na mji huu, katika wilaya iliyokuwa miongoni mwa maskini kupindukia nchini. Shule hizo hizo za Skandinavia ndizo Mwalimu Nyerere alizoziona Sweden, na mwaka 1975 Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo sasa ni zaidi ya 50. Chanzo kimoja, mito miwili.

Mwanzoni Highlander ilifundisha wakata miti na wachimbaji kuunda vyama. Waligundua kwamba mwajiri huvunja mgomo wa Wazungu kwa kuleta Weusi wenye njaa, na wa Weusi kwa kuleta Wazungu wenye njaa, kwa hiyo hakuna chama kitakachosimama mpaka wote wakae meza moja. Mwanzo wa miaka ya 1950 wakaamua kazi yao kuu iwe kuvunja ubaguzi. Walianzia kwenye mkate wakafika kwenye haki.

Agosti 1955 akaja Rosa Parks, mshonaji wa Montgomery, miaka 42. Baadaye alisimulia raha ya kuamka asubuhi na kusikia harufu ya nyama ya kukaanga na kahawa, akijua kwamba wanaopika ni Wazungu na si yeye anayewapikia. Mwalimu wake alikuwa Septima Clark, ambaye mwaka uliofuata alifukuzwa kazi South Carolina baada ya miaka 40 ya ualimu kwa kukataa kukana uanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Highlander ikamwajiri.

Kutoka kisiwa cha Johns, huko South Carolina, kulikuja Esau Jenkins, mwenye basi, aliyewafundisha abiria wake katiba ya jimbo njiani ili wapite mtihani wa kupiga kura. Januari 1957 darasa la kwanza lilifunguliwa nyuma ya duka la ushirika kisiwani, wanafunzi 14. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, msusi, ambaye hakuwahi kusomea ualimu, na alichaguliwa kwa sababu hiyo. Aliwaambia si mwalimu, wamwambie wanataka kujua nini. Wakasema: kuandika majina yetu, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa kwa posta, kisha kura. Akaanza na hayo.

Nilikuwa mwanafunzi mdogo mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye nilikwenda vijijini na vitabu vya pamba na mbolea vilivyochapwa mbali. Kina mama walitaka kusoma barua za watoto wao waliokuwa Dar es Salaam na kuhesabu wenyewe mizani ya mnunuzi. Walipopewa hayo walikuja na mvua isiwazuie.

Mwisho wa Julai 1959 polisi wa jimbo walivamia semina hapa wakitafuta pombe, wakazima taa na kumkamata Septima Clark. Gizani vijana wa Montgomery wakaanza kuimba wimbo ambao Zilphia Horton, mke wa Myles, alijifunza kwa kina mama wa kiwanda cha tumbaku cha Charleston waliokuwa kwenye mgomo, We Shall Overcome, na hapo hapo wakaongeza ubeti mpya: hatuogopi. Mwaka 1961 shule ilifutiwa usajili, na mwisho wa mwaka mali zake zikapigwa mnada, hadi vitabu.

Madarasa yenyewe hayakuwapo kwenye mnada. Miezi kadhaa kabla yalikuwa yamekabidhiwa kwa shirika la Martin Luther King, Septima Clark akahama nayo, na walimu wakawa wanaandaliwa Dorchester, Georgia: wasusi, wakulima, madereva. Juni 1963 Fannie Lou Hamer, kibarua wa mashamba ya pamba, alikuwa akirudi Mississippi kutoka kwenye mafunzo ya aina hiyo alipokamatwa Winona na kupigwa ndani ya mahabusu. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya kamera za nchi nzima kwenye mkutano wa chama cha Democratic na kulieleza lote, akianza kwa kutaja jina lake na anwani yake.